Sura ya Nne: Namba Mbili Juu ya Jumeli

Jumeli yoyote ya maana huandikwa namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati: 8x42, 10x50, 7x50. Ya kwanza inaeleza kitu kitakuzwa mara ngapi. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Anayetaka kutazama nyota azisome hizo kabla hajauliza bei, kwa sababu muuzaji hatazitaja. Yeye atakutia jumeli mkononi, akugeuze mashariki na kukuambia, “Mukubwa, hii inavuta mpaka Rwanda!” Rwanda iko ng'ambo ya Ruzizi. Mtu wa Nguba, hapa Bukavu, huiona akipiga mswaki.

Ukipita kwenye meza za vifaa vya umeme na saa za mkononi, iwe Kadutu au Nyawera, jumeli utakayoikuta kwa urahisi ni ndogo, nyeusi au ya kijani cha jeshi, imeandikwa 30x60 na maneno ya kuahidi kwamba inaona usiku na mchana. Lenzi zake zinang'aa wekundu kama taa ya breki. Hii usiinunue hata kwa bei ya mfuko wake. Chukua rula ya mtoto wa shule uipime ile lenzi ya mbele inayodai milimita 60; mara nyingi haifiki hata 40. Ule wekundu ni rangi inayorudisha nje mwanga mwekundu ambao ulipaswa kufika kwenye jicho lako, ndiyo maana ukitazama ndani kila kitu kina ukijani wa maji ya bwawa. Na hakuna kioo cha namna hiyo kinachoona gizani. Jumeli haitengenezi mwanga, inaukusanya tu.

Kukusanya ndiyo kazi yake kubwa, kuliko hata kukuza. Mboni ya kijana iliyozoea giza hufunguka takriban milimita 7. Lenzi ya milimita 42 ina eneo mara 36 ya eneo la mboni hiyo. Ya milimita 50, mara 51. Nyota ambayo jicho tupu haliioni kabisa inajitokeza kwa sababu mwanga wake umekusanywa kwenye uwanja mpana zaidi kabla ya kuingia jichoni. Kwa hiyo namba ya pili ndiyo unayoilipia. Ya kwanza mara nyingi ni mtego.

Watu wanapenda namba kubwa ya kwanza, na si vigumu kuelewa kwa nini. Lakini mkono wa binadamu hautulii. Damu inapiga, pumzi inapanda na kushuka, na jumeli ya mara 20 inakuza mtetemo huo mara 20 pamoja na nyota. Kwa watu wengi mara 10 ndiyo mwisho wa kile mkono unachoweza kukishikilia. Mara 8 ni raha. Januari 1610, kule Padua, Galileo aliona miezi minne ya Mshtarii kwa bomba lililokuza takriban mara 20, ila lake lilikuwa na tundu dogo la kuonea na lilihitaji kuegemezwa mahali. Miezi hiyo hiyo jumeli ya leo ya mara 10 inakuonyesha, mradi uitulize: vidoa vidogo vilivyojipanga mstari mmoja pande mbili za sayari, na kesho yake vimebadilishana nafasi.

Vitabu vya Ulaya, ambavyo ndivyo vingi kwenye maktaba zetu, hapa hupendekeza jumeli kubwa, 15x70 au 20x80, juu ya stendi ya miguu mitatu. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa London au Brussels. Kwetu unaharibika, na sababu yake ni ramani.

Bukavu iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwezi na sayari hutembea kwenye mkanda ambao kwa mtu wa London unaweza kushuka hadi karibu na mapaa ya nyumba. Mwezi mpevu wa Juni kule hupita chini sana, na mtazamaji anautazama mbele yake kama anavyotazama saa ya ukutani. Kwetu mkanda huo unapita juu ya vichwa. Mwezi na sayari zinapofika kilele cha mwendo wao hazishuki chini ya takriban nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizojipanga, unapita karibu kabisa na utosi. Nebula iliyo chini yake, ambayo kwa jumeli ni wingu dogo la kijivujivu lenye nyota ndani, nayo iko utosini. Nge, mwenye nyota nyekundu ya Antares, anapita juu kuelekea kusini kiasi cha kukulazimisha kuinua kidevu mpaka shingo ilie.

Sasa funga jumeli ya kilo moja na nusu kwenye stendi uielekeze utosini. Inabidi kichwa chako kiingie chini ya stendi, kati ya miguu yake, shingo imekunjwa nyuma. Baada ya dakika tano utaichukia astronomia. Wanaotumia vyombo vikubwa hujenga mikono maalumu ya mbao au kununua lenzi za kupinda, na bei inapanda tena. Mtu wa ikweta ana njia nyepesi: mkeka. Tandika mkeka uani, weka mto chini ya kichwa, lala chali, bana viwiko kwenye mbavu na uegemeze jumeli juu ya mifupa ya macho. Mwili mzima umekuwa stendi. Mtetemo unapungua, shingo inapumzika, na mbingu yote tajiri iko mbele yako bila kuitafuta. Lakini mkeka una sharti lake. Chombo lazima kiwe chepesi kiasi cha mikono kukibeba kwa robo saa bila kuchoka. Hapo 15x70 imeondoka mchezoni. Zimebaki 8x42, yenye gramu 600 hadi 750 hivi, na 10x50, ambayo hufika 800 hadi kilo moja.

Vipi kuhusu 7x50, ambayo wazee wa kazi hii wameisifu kwa miaka? Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 50 kwa 7 ni milimita 7 na kidogo. Huo ndio upana wa fungu la mwanga linalotoka kwenye lenzi ya jicho. Fungu hilo linafaa mboni iliyofunguka kabisa, yaani mboni ya kijana aliye katika giza nene. Mtu aliyevuka miaka 40 au 50 mboni yake huenda isifunguke zaidi ya milimita 5, na ziada yote inamwagika pembeni ya jicho. Kijana wa mjini naye, mwenye balbu ya jirani usoni, mboni yake haifunguki inavyopaswa. Zaidi ya hayo, anga la mji lina weupe wake, na fungu pana linakuletea weupe huo pamoja na nyota. 8x42 inatoa fungu la milimita 5 na robo. 10x50, milimita 5 kamili. Mizani ya kutosha kwa Ibanda penye taa na kwa Kabare pasipo nazo.

Kati ya hizo mbili, watu wengi wenye uzoefu watakwambia 10x50, na kwa mwanga tupu wana haki: inakusanya asilimia 40 zaidi. Mimi ningemshauri mtu wa Bukavu 8x42 isiyopitisha maji. Sababu ya kwanza ni mkeka, nimeshaieleza. Ya pili ni kwamba jumeli hiyo itafanya kazi mchana pia: ndege wa Kahuzi-Biega, mitumbwi ziwani. Katika nyumba ambayo dola 150 ni ada ya shule, kitu kisichofanya kazi mchana hakina utetezi mbele ya mke au mume. Ya tatu ni unyevunyevu, na hii ndiyo inayoua jumeli nyingi mjini kwetu.

Tuko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, pembeni ya ziwa, na mvua inatunyeshea kuanzia Septemba hadi Mei. Usiku ni baridi kiasi cha lenzi kutoka jasho. Jumeli ikirudishwa ndani ya mfuko wake wa ngozi ikiwa na umande, ikafungwa kabatini, baada ya miezi kadhaa kuvu huota juu ya vioo vya ndani: nyuzi nyembamba kama za buibui, zinazokula tabaka la lenzi na kuacha alama zisizofutika. Jumeli iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa kiwandani haipumui hewa hii, kwa hiyo kuvu haipati njia ya kuingia. Nyingi za aina hiyo ni zile zenye mirija iliyonyooka. Zile za umbo la zamani, zenye mabega mapana, zinatumia prizimu alizozisajili Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854. Kwa pesa ileile picha yake mara nyingi ni bora zaidi, ila nyingi za bei nafuu hazijazibwa. Ukinunua ya mabega, ilaze mahali penye hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Watu huvitupa. Viombe kwa muuza viatu.

Kuhusu vioo vyenyewe, jambo moja linatosha. Kila uso wa kioo usio na tabaka hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Ndani ya jumeli mwanga unavuka nyuso kumi au zaidi, kwa hiyo theluthi nzima inapotea njiani na kuzagaa kama ukungu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akiwa kampuni ya Zeiss huko Jena, aligundua namna ya kupaka kioo tabaka jembamba mno linalozuia hasara hiyo. Tabaka zuri likiangaliwa pembeni linaonyesha rangi ya kijani au zambarau iliyofifia, na ndani ya lenzi panaonekana peusi. Wekundu unaomeremeta tumeshauzungumza.

Sasa namna ya kuikagua. Mpe mfanyabiashara wa Bukavu noti ya dola 100 uone: ataigeuza, ataipandisha kwenye mwanga, atapitisha kidole ukingoni, na ikiwa na mchaniko mdogo kuliko punje ya mchele utarudishiwa. Ikague jumeli yake kwa moyo huohuo. Ishike mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe. Kwenye kila lenzi ya jicho utaona kiduara cha mwanga. Kikiwa duara safi, prizimu ni nzuri. Kikiwa na kona za kijivu kama mraba, kioo chake ni cha daraja la chini. Washa tochi ya simu uipitishe upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili, utafute nyuzi za kuvu, hasa kwenye jumeli iliyotumika. Kisha tazama kitu cha mbali chenye ncha, antena au kona ya bati, kwa macho yote mawili. Ukiona viwili, au ukihisi macho yanavutwa, mirija imepishana. Huenda ilianguka. Irudishe mezani, usisikilize hadithi kwamba macho yatazoea. Macho yatazoea kweli, na kichwa kitauma.

Zile zinazobadilisha ukubwa kwa kusukuma kitufe, kutoka mara 8 hadi 24 na kadhalika, ziache. Zina uwanja mwembamba wa kuonea, na mirija yake hupishana upesi.

Bei? Huko zinakotoka, 8x42 iliyozibwa, ya kuanzia, ni dola 100 hadi 150 hivi, na 10x50 ya mabega inaweza kupatikana kwa chini ya hapo. Kwetu ongeza safari. Anayeweza kumwagiza ndugu anayetoka Kigali, Nairobi au Dubai afanye hivyo, lakini ampe maagizo kwa maandishi: namba mbili, neno la kuzibwa dhidi ya maji, basi. Ukimwambia tu “niletee jumeli nzuri” atakuletea 30x60.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi. Jumeli ni chombo cha vita. Ile 7x50 ilipata sifa yake mikononi mwa mabaharia wa kijeshi. Na Bukavu ni mji ulioshikwa na mamluki wa Jean Schramme mwaka 1967, ukaingiwa na vita Oktoba 1996, ukatekwa na waasi wa Nkunda na Mutebutsi Juni 2004, kisha ukaingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Mwenye silaha, awe wa upande wowote, akimwona mtu amesimama kilimani usiku na jumeli usoni, hatafikiria Mshtarii. Kwa hiyo rangi nayo ni sehemu ya kuchagua. Nunua nyeusi ya kawaida, usinunue ya mabaka wala ya kijani cha jeshi. Zikatae zile za majini zenye dira na mistari ya kupimia umbali ndani ya lenzi. Mistari hiyo haina faida kwa nyota na haina maelezo mazuri kwenye kizuizi cha barabarani. Usiijaribu kwa kuielekeza mpakani wala ziwani, hata kama muuzaji ndiye anayekuelekeza. Zitazame nyota ukiwa uani kwako, majirani wakijua, na nyumbakumi akiwa ameshachungulia mwezi mara moja kwa macho yake. Hapo tena mkeka unatutetea, kwa kuwa mtu aliyelala chali akiangalia juu hapelelezi kambi ya mtu.

Siku za kutoka zina kalenda yake, na mjini kwetu wapo wavuvi wa sambaza wanaoijua kuliko mwalimu yeyote wa jiografia. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa kwa taa: samaki hufuata mwanga juu ya maji meusi. Mwezi mpevu ukiwaka, taa inapoteza nguvu yake ya kuvuta. Usiku mzuri wa mvuvi ndio usiku mzuri wa mtazama nyota, na mama anayeuza sambaza atakwambia mwezi uko wapi bila kufungua simu. Kasoro ni kwamba taa hizo zinameta ziwani kote, kwa hiyo ziwa usilitazame.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti hakina mawingu mengi, lakini kina moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi la barabara, na nyota za chini humezwa. Usiku bora kuliko wote mara nyingi huja katikati ya msimu wa mvua, saa moja au mbili baada ya dhoruba kuosha anga, tena hasa umeme ukikatika mtaani. Dirisha hilo linaweza kudumu nusu saa. Mwenye stendi bado anafunga skrubu; mwenye jumeli shingoni ameshalala mkekani.

Aanze na nini? Mwezi, ukiwa nusu, pale penye mpaka wa giza na mwanga, kwa sababu hapo vivuli vya mashimo ni virefu. Mwezi mpevu ni sahani tu. Kuanzia Novemba hadi Machi, Kilimia, ambacho jicho tupu linahesabu nyota sita au saba zake na jumeli inaleta kadha wa kadha. Miezi ya kiangazi, mkia wa Nge na ule ukungu mweupe ulio mashariki yake, ambako ndiko katikati ya galaksi yetu; pitisha jumeli polepole pale na uache kutafuta majina. Aprili na Mei, Omega Centauri, kusini, katikati ya upeo na utosi: jicho linaiona kama nyota yenye ukungu, jumeli inaonyesha mpira wa vumbi la mwanga. Ni nyota mamilioni zilizokusanyika, na mtu wa London haioni maisha yake yote kwa sababu haichomozi kwake. Kupatwa kwa mwezi, kama kule kwa tarehe 7 Septemba 2025, ambapo kivuli kiliufunika mwezi wote kwa dakika 82, ndiko kunakoitafuta 8x42 hasa: uwanja mpana, wekundu wa shaba, na muda wa kupokezana.

Jua usilielekezee jumeli, hata likiwa limepatwa, hata likiwa linazama. Lenzi ile ile iliyokusanya mwanga wa nyota itakusanya moto na kuutia kwenye jicho kabla hujahisi maumivu.

Na kabla ya kumpokezesha mtu mwingine, mfundishe kuirekebisha. Kwanza akunje mirija mpaka duara mbili ziwe moja. Kisha afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati mpaka nyota iwe ncha. Halafu afumbe la kushoto, ageuze pete ya lenzi ya jicho la kulia tu. Anayevaa miwani akunje chini vikombe vya mpira. Watoto wadogo wana shida yao: macho yao yamekaribiana kuliko mirija ya jumeli nyingi inavyoweza kukunjwa, kwani nyingi huishia milimita 55 au 56, na wanaona giza upande mmoja wakadhani chombo kimeharibika. Mwambie mtoto atumie jicho moja na mrija mmoja, umshikilie jumeli kwa chini, mkanda ukiwa shingoni mwako.